Pale Trekta Linapochemka

Trekta la misheni lilikuwa na tabia za wazee wengi wanaoheshimika: asubuhi haliamki bila kubembelezwa, mchana linakasirika, na likishakasirika linawatemea watu maji ya moto. Siku hiyo lilikasirika palepale lilipokasirika jana yake. Gaspar aliona mshale wa joto unapanda, akauomba kimoyomoyo ushuke, akaona haumsikilizi, akazima injini. Mvuke ukachomoka kwenye kifuniko cha rejeta kwa mluzi mwembamba uliopanda na kukatika, ukapanda tena na kukatika.

Wanaume waliokuwa wakifuata nyuma na reki walisimama. Wote walikuwa wamesikia kitu kimoja, na kila mmoja alimngoja mwenzake awe mjinga wa kwanza kukitaja. Venansi, nyapara wa wakata majani kwa fyekeo, akajitolea.

"Kinalia," alisema. "Nyie hamsikii? Kitoto kichanga kinalia."

"Ni mvuke," alisema Gaspar.

"Mvuke wa nani?"

"Wa maji, Venansi. Maji yakichemka yanatoa mvuke. Hata kwako mkeo akipika."

"Kwangu mke wangu akipika, sufuria haichagui mahali pa kulilia."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha, kwa kuwa kicheko chao hakikwenda mbali. Majani yalikuwa marefu kupita kichwa cha mtu, na upepo ulikuwa umekufa tangu asubuhi. Hata hivyo, kiraka kimoja cha majani mbele ya pua ya trekta kilikuwa kikitikisika, taratibu, kama blanketi juu ya mtu anayegeuka usingizini. Kwale waliokuwa wakiitana kichakani walinyamaza wote kwa pamoja. Darasa hunyamaza hivyo mwalimu akiingia.

Mahali hapo paliitwa Mahame. Zamani palikuwa kijiji. Serikali iliwahamisha watu kwa ajili ya mbung'o na malale, ikachoma nyumba nyuma yao ili wasipate kisingizio cha kurudi, na majani yakaota juu ya majivu kwa afya njema kabisa. Sasa, mwaka ambao picha ya Malkia mpya ilitundikwa bomani Mpanda, Bruda Kasimiri wa misheni alikuwa amepatiwa ahadi: daktari wa malale angekuja kwa ndege ndogo, mradi paonekane mahali pa kutua. Mahame palikuwa tambarare, hapana visiki. Bruda akapachika vigingi vya miti kutoka mwanzo hadi mwisho, akaamuru pakatwe. Wafu hawakuulizwa, maana hawakuwa wakilipa kodi.

Bruda mwenyewe alikuja akitembea haraka, ndevu zimejaa mbegu za majani.

"Gaspar, wewe ulikuwa askari. Ulifika Burma. Trekta moja linakushinda?"

"Bruda, linachemka."

"Naona linachemka. Nauliza kwa nini linachemka hapa tu."

Wanaume wenye reki walikuwa na jibu, wakalificha. Bruda akanyoosha mkono. Gaspar akachomoa hendeli, kile chuma cha kuwashia injini, akampa. Tangu siku hiyo alipaswa kwenda kuiomba kila asubuhi kwenye dirisha la ofisi, na kuirudisha jioni, kama mtoto wa shule anayetumwa chaki. Wanaume waliangalia pembeni kwa adabu, wakahakikisha wameona vizuri.

*

Dereva wa misheni alipewa nyumba ya bati. Zilikuwa chache mno upande ule wa Mamba, na aliyelala ndani yake alisikia mvua kama watu wakubwa wanavyoisikia. Gaspar alipofika jioni alimkuta dada yake, Dafrosa, amekaa mlangoni akimenya karanga na kuzitafuna zaidi ya alivyozimenya. Mke wake, Romana, alikuwa jikoni, chungu kikiwa motoni.

"Mke wa Venansi alikuja," alisema Dafrosa. "Wifi hakutaka kukwambia, basi nakwambia mimi. Alikuja na kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya kupimia dirisha. Anasema anataka pazia la maua. Akampa wifi pole, akapima, akafunga fundo, akaondoka. Mwanamke mwenye heshima kweli, hata viatu alivua."

Gaspar aliketi. Mbegu za majani zilikuwa zimemganda shingoni na masikioni.

"Bado sijafukuzwa," alisema.

"Ndiyo maana hakuja na pazia lenyewe, kaka."

Romana alileta maji ya kunawa. Alikuwa mwanamke asiyepoteza maneno. "Ni wapi linapochemka, Baba Hilaria?" aliuliza.

"Katikati ya uwanja. Majani yote yanafanana."

"Hakuna alama?"

"Kuna mafiga. Mawe matatu yamezama, moja limepasuka katikati."

Romana alirudi jikoni. Alisonga ugali ule muda mrefu, na ulipokuwa umeshaiva aliendelea kuusonga, mpaka Dafrosa akamwuliza kama anautwanga.

Kule Mahame, walikokuwa wakiishi zamani, kila nyumba ilikuwa na mafiga yake. Mwanamume huikumbuka nyumba yake kwa mlango. Mawe ya jikoni hayamhusu, hajawahi kuinama kuyatazama. Romana aliinama mbele ya yale miaka mitatu. Lile lililopasuka lilipasuka asubuhi moja ya baridi, naye ndiye aliyelimwagia maji.

Na jambo jingine halikuwahusu wanaume. Mtoto akifa kabla hajaota meno, hakupigiwa kilio wala kuchongewa msalaba. Wanawake walisema, "Maji yamemwagika," nao wanaume walioketi nje wakiwa wamegeuza migongo walijibu, "Mungu atateka mengine." Kisha wanawake walimlaza nyuma ya mafiga, mahali penye joto, wakasawazisha udongo kwa viganja. Baba hakuonyeshwa mahali. Baba hakuuliza. Mtoto wa kwanza wa Gaspar na Romana alikufa hivyo, mwezi mmoja kabla ya kuhamishwa, padri akiwa bado hajapita kubatiza. Moto wa serikali ulipochoma nyumba, Gaspar alilia kwa ajili ya milango. Romana alitazama nyuma mara moja tu, akahesabu hatua, akabeba chungu chake.

*

Kesho yake mchana Romana alipeleka chakula uwanjani. Wanaume walikuwa wamelala kivulini mbali, kofia zimewafunika nyuso, na trekta lilisimama peke yake juani, limeinamisha pua kama ng'ombe mgonjwa. Halikuwa limefika mafigani siku hiyo. Bruda aliagiza wamngoje fundi.

Romana aliweka kapu chini. Kutoka kifuani akatoa kaniki. Ilikuwa mbeleko, imekunjwa vizuri, upindo mmoja umeunguzwa na kaa la moto, na ingawa ilikuwa imekaa chini ya sanduku miaka yote hiyo bado ilinukia mafuta ya nyonyo aliyokuwa akimpaka mtoto. Alizunguka mashine ile akitafuta mahali pa kuifunga. Usukani ungeonekana. Kiti kingeonekana, na Bruda angeuliza maswali ya kipagani. Mbele, kati ya wavu wa chuma na rejeta, palikuwa na nafasi ya kutosha mkono. Akaisukuma kaniki kutokea juu, akaitandaza kwa vidole mpaka ikakaa sawasawa, nyeusi juu ya weusi.

"Huyu anayekuja na kelele ni baba yako," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliyeko chumba cha pili. "Harufu yangu hii hapa. Mpishe apite, usilie."

Hakukuwa na upepo. Majani ya upande ule wa mafiga yakalala chini, kisha yakasimama tena. Romana akachukua kapu lake, akaenda kumwamsha mumewe ale.

*

Fundi Josephat alikuja na lori kutoka Mpanda, kwenye mgodi wa risasi, akiwa na sanduku la spana na viatu vilivyomtangulia kwa mlio. Alilizunguka trekta mara kadhaa bila kuligusa, mikono nyuma, kama askofu anayekagua kipaimara.

"Mashine," aliwaambia watu, "haina siri. Mashine ina sababu. Nyie mnaogopa kwa sababu hamjui sababu."

"Tufundishe, fundi," alisema Venansi, naye akaketi kabisa.

Kwa haki, Josephat alijua kazi. Alitazama maji, yalikuwepo. Akabonyeza mipira ya maji, ilikuwa mizima. Akakaza mkanda wa feni mpaka ukalia kama ngoma ukipigwa kidole. Akafungua themostati, akaisema vibaya mbele za watu, akaitupa. Akamwaga maji machafu yote na kutia safi. Mwisho akachukua brashi, akakwangua mbegu na makapi yaliyoziba wavu wa mbele.

"Hii hapa," alisema. "Unakata majani, mbegu zinaruka, zinaziba pua. Mashine haipumui. Mashine isiyopumua inapata homa. Ni mtu tu."

Alikuwa sahihi kabisa, na siku mbili kabla angekuwa ameliponya. Alichungulia ndani ya wavu akaona weusi. Rejeta za zamani zote ni nyeusi. Boliti za wavu zilikuwa zimeshikwa na kutu, naye hakutaka kukata boliti za watu weupe.

"Safi. Washa."

Gaspar akazungusha hendeli. Trekta likakohoa, likaitika. Meno ya kukatia yakaanza kutafuna, majani yakalala kwa mstari, na mshale wa joto, badala ya kukaa chini kama Josephat alivyoahidi, ukapanda mapema kuliko siku nyingine zote. Gaspar aliomba tena kimoyomoyo. Kwenye mafiga mvuke ukapiga mluzi, safari hii mrefu zaidi, mkali zaidi, wa mtoto aliyelia mpaka akakosa pumzi.

Na pamoja na mluzi ikaja harufu.

Wote waliisikia. Mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, na nguo iliyokaa mgongoni mwa mama. Ilikuwa harufu ya mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa, katikati ya uwanja usio na nyumba, jua likiwa utosini. Mwanamume mmoja aliweka reki yake chini kwa uangalifu mkubwa, kama asiyetaka kumwamsha mtu, akaanza kuondoka. Wengine wakamfuata bila kukimbia, maana kila mmoja aliona aibu kukimbia wa kwanza. Walipofika kwenye vigingi vya mwisho aibu ikawaishia.

Josephat alikuwa akipanga spana sandukuni.

"Fundi," alisema Bruda, "sababu?"

"Bruda, mimi natengeneza injini."

"Na hii ni nini?"

Fundi alitazama trekta, akavuta pumzi puani, akafunga sanduku. "Hapa nilipo nina watoto wanne," alisema. "Wote nimewapakata. Sitaki kuambiwa hii ni mpira unaungua."

"Ni mpira unaungua," alisema Bruda, lakini aliyasema maneno hayo akiwa ameshika msalaba wa shingoni, na alipogundua kwamba ameushika aliuachia na kumgeukia Gaspar kwa hasira. "Daktari anakuja Jumapili. Kesho uwanja huu ukatike. Usipokatika, usukani na nyumba anachukua Venansi."

Venansi alikuwa amebaki karibu kwa sababu ya cheo chake. Alikohoa.

"Nyumba nitaichukua, Bruda," alisema. "Usukani tutazungumza."

*

Gaspar aliachwa peke yake angoje injini ipoe. Hakumlaumu mtu. Harufu ile ilikuwa bado inaelea, na kadiri chuma kilivyopoa nayo ilipungua, na jambo hilo aliliona. Aliinama puani kwa trekta. Akanusa. Kisha akachukua patasi na nyundo, akakata boliti za watu weupe moja baada ya nyingine, akaung'oa wavu.

Kaniki ilitoka ikiwa nzito kwa mbegu, ina joto kama kitu chenye uhai. Aliikung'uta. Upindo ulioungua ukaja mkononi mwake wenyewe. Aliinunua yeye, Karema, kwa mfanyabiashara wa ziwani aliyejua kwamba askari aliyetoka vitani habishani bei. Alimletea mkewe akiwa na mimba.

Gaspar akayatazama mafiga. Akalitazama lile lililopasuka. Akainama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akayatazama mawe ya jikoni kama mtu anayesoma jina. Kisha akageuka polepole akatafuta mahali mlango ungekuwa, akaupata, akauona ulivyofunguka. Na kutoka mlangoni akalitafuta benchi alilokalia siku ile, akiwa amegeuza mgongo pamoja na wanaume wengine, akisema Mungu atateka mengine.

Nyuma ya mafiga majani yalikuwa mafupi kidogo, laini, ya kijani zaidi. Alikuwa ameegesha gurudumu la mbele karibu kabisa na hapo. Alilisukuma trekta kurudi nyuma kwa bega, peke yake. Kwa kawaida kazi ile ilihitaji watu watano. Lilirudi. Hakujiuliza.

*

"Nimeikuta hii," alisema nyumbani.

Romana aliipokea kaniki, akaikunja upya. Mikono yake ilitulia. "Imeungua?"

"Haikuungua. Imeziba pumzi tu. Nimesafisha, sasa linakwenda vizuri. Nimelijaribu mpaka karakana, mshale haukuinuka."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakuua."

"Ulikuwa unanipisha."

Nje binti yao Hilaria alikuwa akiimba wimbo wa kuruka kamba.

"Mama Hilaria, nyuma ya mafiga..."

"Mwanamume haulizi."

"Siulizi. Nasema tu majani ya nyuma ya mafiga ni laini."

"Basi umesema," alisema Romana, akafuta uso kwa kaniki ile ile. Baadaye kidogo aliuliza, "Bruda anataka uwanja wote?"

"Wote. Bila hivyo ndege itaanguka, na sisi tutarudi kwenye nyumba ya nyasi."

"Nyumba ya nyasi naijua. Nilizaa ndani yake."

"Mimi nataka vyote viwili," alisema Gaspar. "Bati nalitaka. Na pale sitaki pakanyagwe." Alipokuwa akisema hivyo macho yake yalikuwa kwenye msumari ukutani, ulipotundikwa koti lake zito la jeshi.

*

Asubuhi ilikuwa ya joto la kuyeyusha lami, kama kungekuwa na lami. Gaspar aliiomba hendeli dirishani kwa adabu zote, na alipofika nyuma ya karakana alilitandaza koti la jeshi palepale kaniki ilipokaa. Alikata mistari miwili. Kwenye mafiga trekta likachemka kwa utii mkubwa, likapiga mluzi, likatoa wingu. Bruda alikuwa mbali kwenye vigingi. Mpaka alipofika akitweta, koti lilikuwa limeshatoka puani mwa trekta na kuingia mgongoni mwa dereva.

"Unasikia baridi, Gaspar?"

"Nasikia baridi hapa tu, Bruda."

Wanaume wenye reki walirudi nyuma hatua moja, kwa pamoja, bila kuamrishwa.

Bruda alimtazama dereva wake, aliyekuwa akitiririka jasho ndani ya koti la sufu. Hakuwa mjinga. Alilaza kiganja juu ya koti, akalisikia lilivyo la moto, akatazama wavu uliofungwa kwa waya mahali pa boliti. Ndevu zake zilicheza.

"Venansi, panda wewe."

"Bruda, kiuno," alisema Venansi. "Tangu usiku. Mke wangu ni shahidi."

"Basi nitaendesha mimi."

Aliingoja injini ipoe, akatia maji mwenyewe, akachungulia wavuni mwenyewe. Hakukuwa na kitu ndani. Akavua kofia ya jua, akakunja kanzu, akapanda. Gaspar alibaki chini na koti lake. Hakukuwa na hila iliyobaki. Trekta lilikuwa zima kabisa. Alilitengeneza yeye, na katika maisha yake hakuwahi kujuta hivyo kazi nzuri.

Romana alifika na kapu la chakula wakati huo. Alisimama kwenye ukingo wa majani yaliyokatwa. Alimwona Bruda usukanini, akamwona mumewe chini, akaelewa. Hakuita. Alishika kapu kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama mtu anavyoshika mtoto.

Trekta lilikuja. Liliunguruma vizuri, feni inavuma, meno yanatafuna, na mshale wa joto ulikuwa umelala chini kama mbwa aliyeshiba. Bruda aliuonyesha kwa kidole, akiwa anatabasamu. Majani yalilala. Moja ya mafiga likatokea, la pili, lile lililopasuka.

Injini ikazimika.

Haikukohoa, haikutoa moshi. Ilikata sauti katikati, kama mtu anayeongea akaona kwamba kuna mtoto amelala. Kwale walinyamaza. Meno yakasimama umbali wa shubiri moja kutoka majani laini. Hakukuwa na mvuke, hakukuwa na mluzi. Kulikuwa na ukimya tu, na ndani ya ukimya ule, taratibu, ikapanda harufu ya mafuta ya nyonyo.

Romana aliigeukia njia ya nyumbani, ambako kaniki ilikuwa imefungiwa sandukuni, ufunguo uko shingoni mwake. Gaspar aliona anavyougusa.

Bruda alikaa kwenye kiti kile muda mrefu. Aligusa bomba la maji, lilikuwa vuguvugu. Aligusa tangi; mafuta yalikuwepo. Alitazama kiraka kile cha majani laini, udogo wake, urefu wake, na upana wake usiozidi kapu la mkono, na uso wake ukabadilika, maana kabla hajawa Bruda alikuwa amezaliwa kwa mama kama watu wengine. Alishuka. Hakuchukua kofia yake.

"Mafuta yana uchafu," alisema polepole, hakuna aliyejua anamwambia nani. Kisha: "Hapa pasikatwe. Leteni mawe. Leteni na chokaa, rubani apaone juu angani, asipite hapo."

Gaspar alizungusha hendeli mara moja. Trekta likawaka. Bruda akaitazama ile hendeli mkononi mwa Gaspar, akasema, "Kaa nayo."

*

Jioni duara la mawe meupe lilionekana mpaka barabarani. Watu walikuja kulitazama kwa mbali. Venansi, ambaye kiuno kilikuwa kimepona ghafla, alieleza jambo lote kwa kila aliyeuliza, na alitangaza waziwazi kwamba hata apewe nyumba kumi za bati hapandi mashine ile. Hakuna dereva mwingine kati ya Mamba na Karema aliyetaka. Mke wa Venansi alitumia kamba yake kufungia kuku.

Gaspar alikuwa mlangoni akinawa miguu Dafrosa alipokuja. Alileta ungo wa karanga zilizomenywa zote, haikupungua hata moja, na hilo peke yake lilimtia kaka yake wasiwasi. Alimpa Romana ungo. Hakukaa.

"Nimeyaona mawe," alisema. "Wamepaka chokaa vizuri. Kama kaburi la padri."

"Ndiyo, wifi," alisema Romana.

Dafrosa aliuchezea upindo wa nguo yake. Hakuwa na mzaha usoni, na bila mzaha uso ule ulikuwa wa mtu mwingine, mzee zaidi.

"Kaka, nusu ya uwanja bado?"

"Bado. Kesho."

"Kwetu palikuwa upande ule. Karibu na kichuguu." Nyuma ya Dafrosa, kwenye njia, Gaspar aliona sasa kwamba kulikuwa na wanawake wengine wamesimama, wale waliotoka Mahame, kila mmoja na kitu kidogo mkononi, mayai, chumvi, kuku aliyefungwa miguu. Walikuwa wakitazama chini. "Pale kwenye kichuguu," alisema Dafrosa, "trekta halichemki?"

Gaspar alimtazama dada yake. Hakujua kwamba alikuwa na kitu kule. Siku ya kumlaza mtoto huyo lazima Gaspar naye alikuwa amegeuza mgongo.

"Linachemka, dada," alisema. "Pale linachemka sana."

Kesho yake, jua likiwa limewaka mapema, alitoka nyumbani amevaa koti.